Picha Unayotaka Kuondoka Nayo

Kemilembe wangu,

Sitaanza na "natumaini barua hii itakukuta mzima", maana asubuhi hii nimekuona kwa macho yangu ukimaliza ndizi na maharage ya watu wawili. Uzima wako naujua. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, mvua imekufungia huko, na nyumba imenyamaza. Nimekaa barazani. Ukungu umeingia kwenye migomba taratibu, mstari baada ya mstari, mpaka sasa naona ule wa mbele tu, na sauti za wapita njia zinanifikia bila wenyewe kuonekana. Siku kama hii kijiji chetu cha Nshamba huwa hakina mwanzo wala mwisho. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam, na tangu mchana mimi na wewe hatusemezani.

Basi naandika. Mdomo wangu unaujua, ukishafunguka hauna breki. Kalamu angalau inanilazimisha niende polepole.

Habari za mbu, za kwenda misa, za vijana wenye maneno matamu, sikuandikii. Shangazi yako atakuwa ameshakujaza hayo mpaka yanamwagika. Nakuandikia juu ya picha.

Mchana umesimama mbele yangu na sauti yako ile ya kikazi, ukasema picha ya baba yako itoke ukutani uende nayo. Ukasema moshi wa jikoni unaila, unyevu wa huku unaila, na karatasi imeshaanza kunata kwenye kioo. Ukasema kwenye maktaba ya chuo unakokwenda kuanza kazi kuna chumba cha vitu adimu chenye ubaridi mchana na usiku, na kuna wataalamu watakaoisafisha kabla hujaihifadhi. Nikasema, "Haitoki." Ukauliza kwa nini. Nikasema, "Kwa sababu nimesema." Ukanitazama, ukasema, "Mama, wewe uliyefanya kazi hii hii, ndiye wa kunijibu hivyo?" Nikakufukuza mbele yangu. Maawe, mama yangu! Mtu mzima nimepiga kelele mpaka kuku wametawanyika.

Ulichosema juu ya moshi ni kweli. Juu ya kioo ni kweli. Mengi nilikufundisha mimi, na nilipokuwa nakupigia kelele nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwako. Hiyo ndiyo picha pekee tuliyo nayo ya baba yako. Alikufa wewe hujatembea, hujui sauti yake, hujui alivyokuwa akicheka mpaka anakohoa. Ikiharibika njiani au mezani kwa wataalamu wako, hakuna pa kuipata nyingine. Kwa hiyo nataka uelewe nilichokuwa nakataa mchana, na kabla hujaelewa hicho, inabidi nikuambie jinsi nilivyoharibu kazi mara mbili, mara ya kwanza kwa ukarimu na mara ya pili kwa ukali.

Unakikumbuka chumba changu kule Bukoba mjini? Ulikuwa ukitoka shule unakaa kwenye kiti cha korido unasinzia na begi mgongoni. Ndani hukuingia sana, nilikuwa nakukataza kwa sababu ya mikono yako ya mandazi. Kilikuwa mwisho wa maktaba ya chuo, upande wa ziwani, dirisha moja na pazia zito. Hata ulipofunga kila kitu, ziwa liliingia. Sijui lilipita wapi. Asubuhi nikifungua mlango nilikuwa nasimama kwanza nanusa, kabla ya kutazama kipima unyevu, maana pua yangu iliijua ile harufu ya kuvu mapema kuliko kile kidude. Mle kulikuwa na vitabu vya sala vya Kihaya vya zamani, kurasa zake ukizikunja zinakatika. Kulikuwa na ramani, magazeti yaliyogeuka rangi ya chai, na albamu za picha ambazo familia za vijijini zilituletea tuwatunzie kwa sababu paa zao zilikuwa zinavuja. Nilikipenda chumba kile, mwanangu. Nilikuwa naingia mle nasahau saa, na jioni nikitoka nashangaa kwamba barabarani kuna pikipiki.

Sasa unawajua watu wetu. Mhaya hawezi kwenda kwa mtu mikono mitupu. Mzee akija kutoka Kanazi kutazama ramani ya kijiji chake, anachomoa mfukoni akamwani, zile kahawa za kutafuna, zimefungwa kwenye kipande cha jani kavu la mgomba. Anakupa kwa mikono miwili. Utamwambia nini? Utamwambia hapana? Nilipokea. Nikachukua chache nikatafuna, yeye akatafuna, ndipo tukaanza mazungumzo. Iliyobaki nikaweka kwenye droo, ili mgeni mwingine akija nisionekane mchoyo. Mwisho wa yote nilikuwa na kikapu kizima ndani ya rafu, nyuma ya magazeti.

Mkuu wa maktaba alikuwa ameshatuambia kwamba katika chumba kile hakuliwi. Siku moja aliniona nikimpa mgeni, akaniita pembeni. Nikamjibu kwa kiburi kabisa, "Mkuu, kahawa si chakula. Ni salamu." Naye alikuwa mtu wa huku huku, wa Muleba. Akacheka, akaondoka. Siku hiyo nilijiona mjanja kuliko wote.

Vijidudu havikujua kwamba ilikuwa salamu. Ni vya kahawia, vidogo kuliko punje ya ulezi, vinapenda kila kitu kikavu. Vilianza kwenye kikapu changu. Vilipomaliza kahawa vikahamia kwenye gundi ya majalada, na gundi ya watu wa zamani ilikuwa ya unga, kwa hiyo vilikuwa vinaendelea na mlo ule ule. Sikuviona vyenyewe. Niliona unga laini kwenye rafu, nikapangusa, nikafikiri ni vumbi la dari. Kesho yake unga ukarudi. Nikapangusa tena! Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi niliambiwa na unga wenyewe kila asubuhi na bado sikutazama. Mpaka siku nilipofungua albamu ya familia moja ya Izimbya, nikakuta vitobo vimepenya kurasa zote kuanzia jalada mpaka jalada. Niliketi sakafuni nikalia.

Dawa ya kupulizia ingeharibu picha. Kinachoviua bila kudhuru karatasi ni baridi kali ya muda mrefu, na chuo hakikuwa na friza la maana. Basi tulizunguka mjini tukiomba, mpaka muuza samaki mmoja karibu na ziwa akakubali. Unaweza kufikiri? Vitabu vya sala vya wazee wetu, vimefungwa kwenye mifuko ya plastiki tabaka juu ya tabaka, vimelala kwenye barafu ubavuni mwa sangara. Kila umeme ulipokatika moyo wangu nao ulikatika. Nilikuwa nakwenda pale jioni kuweka kiganja juu ya mfuniko, nisikie kama friza bado linatetemeka. Muuza samaki akanizoea, akawa ananiita mama wa wagonjwa.

Vingi vilipona. Vilivyotoboka vilibaki na matobo yao. Lakini mimi niliyetoka pale sikuwa yule aliyeingia. Wanasema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi niliona unyasi kila mahali. Nikaandika kanuni, nikazibandika mlangoni. Hakuna mfuko. Hakuna kitu mkononi. Kila mgeni alete kitambulisho, na barua ya ofisa mtendaji wa kijiji chake yenye muhuri. Mkuu akafurahi sana, akanisifu mbele ya wenzangu. Chumba kikawa safi, kikawa kimya. Wageni wakapungua, nami nikaona hiyo ndiyo kazi nzuri.

Ndipo akaja Bibi Kokuhirwa.

Albamu ile ya Izimbya niliyokuambia ilikuwa yake. Aliileta mwenyewe alipokuwa bado ana nguvu, akaniomba kitu kimoja tu, kwamba awe anakuja kumwona mama yake. Maana ndani ya albamu ile kulikuwa na picha ya mama yake, moja peke yake duniani. Alikuwa akija kila alipopata lifti ya mjini. Namkalisha, namfungulia ukurasa, ananipa akamwani, anakaa na mama yake. Wakati mwingine alikuwa akimsemesha Kihaya taratibu, habari za shamba, nani ameoa, nani amezikwa. Mimi naendelea na kazi zangu. Nilikuwa nasikia ile sauti yake na mvua dirishani mpaka sijui ipi ni ipi.

Siku hiyo alikuja baada ya kanuni. Korido ilikuwa na wanafunzi, na mkuu alikuwa amesimama pale pale na mgeni kutoka Dar. Bibi akapiga goti kidogo kunisalimu, akanyoosha mikono yake miwili na kile kifurushi cha jani la mgomba. Na mimi, Kemilembe, sikukipokea. Nilimwambia, "Bibi, vitu hivi haviruhusiwi. Kitambulisho kiko wapi? Barua ya mtendaji iko wapi?" Akatabasamu, akadhani natania. "Waitu, ni mimi," akasema, kwa neno letu lile la heshima. "Ni mimi Kokuhirwa." Nikamwambia, "Najua, Bibi, lakini utaratibu ni kwa wote."

Alibaki amenyoosha mikono pale. Unajua kwetu kumkatalia mtu akamwani maana yake nini, ni kumwambia hakuna udugu kati yenu. Akairudisha mikono, akalifungia lile jani kwenye pindo la nguo yake, akasema "haya", akaondoka akipapasa ukuta. Nilifikiri anapapasa kwa uzee. Mgeni wa Dar akaniambia, "Safi sana, mama." Nikafurahi. Aibu inanishika hadi leo nikikumbuka kwamba nilifurahi.

Usingizi ndio ulionikatalia. Nikaanza kuota chumba kile. Katika ndoto rafu zilikuwa migomba, nami natembea katikati na funguo, na kila picha imetoka kwenye albamu yake imekaa chini, watu wadogo weusi kwa weupe, wamejifunika, wananitazama. Mmoja ananiuliza, "Mimi ni nani?" Nafungua kinywa kumjibu, nasema vipimo vya karatasi yake, urefu na upana. Naamka jasho linanitoka. Ndoto hiyo ilinijia mara nyingi msimu ule wote, na wewe ulikuwa ukilala ubavuni mwangu, ukawa unaniuliza, "Mama, unaongea na nani?"

Mwishowe nilitoa nakala ya picha ya mama yake kwa mashine ya ofisini, nikaiweka kwenye bahasha ya kaki, nikaenda Izimbya. Nilifika mvua imekatika, majani yanadondosha maji. Ndani kwake nyasi mbichi zilikuwa zimetandikwa sakafuni, zinanukia. Alikuwa ameketi karibu na mlango. Nilipomsalimu akageuza uso, akasikiliza, akasema, "Wewe ni yule wa maktaba." Hakusema kwa ubaya. Ningeona afadhali angesema kwa ubaya.

"Nimekuletea mama yako, Bibi," nikamwambia.

Akapokea ile karatasi kwa mikono miwili, akaiinua usoni. Aliishika kichwa chini miguu juu. Nami nikasimama pale nikaelewa ule ukuta aliokuwa akipapasa siku ile.

"Macho yameshaondoka," akasema. "Daktari alikuwa ameniambia yanaondoka. Ndiyo maana nilikuja siku ile, nimshibe mama kwanza."

Nilipiga magoti kwenye zile nyasi. Nikasema samahani, samahani, kama kasuku. Akanishika kichwa. "Basi, mwanangu, usilie, utanilowanishia nyumba. Wewe umekaa naye kuliko mimi. Nisimulie. Shuka amelifungia bega gani?"

Nikaichukua nakala nitazame. Mashine ya ofisini ilikuwa imeimeza picha, bega lote weusi, uso nao weusi. Ikabidi nitafute kichwani mwangu. Na kichwani mwangu, Kemilembe, hamkuwa na mtu. Nilikijua kipimo cha ile picha. Niliijua gundi yake, nilijua pembe ipi imetobolewa na ngapi zimekunjamana. Miaka yote nimeibeba, nimeilaza kwenye barafu, nimeipigania, na sikuwahi kumtazama yule mama. Nilimwambia Bibi sikumbuki. Akasema, "Eee." Nje maji yakaendelea kudondoka.

Nilirudi mjini nikafungua albamu, nikakaa na mama yake Kokuhirwa asubuhi nzima, simu inalia naiacha. Kisha nikarudi Izimbya. Nikamwambia, "Bega la kushoto. Shanga mkono wa kulia, nyembamba. Miguu peku, na kidole gumba cha mguu mmoja amekiinua, kama mtu anayekanyaga sakafu ya baridi. Mdomo ameufunga, lakini anakaribia kucheka, anacheka na mtu aliyesimama pembeni." Bibi alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema, "Ndiye. Alikuwa anamcheka baba." Halafu akafungua pindo la nguo yake, akatoa akamwani, akaninyooshea. Nilitafuna, Kemilembe. Nilitafuna huku nalia, uchungu wa kahawa na chumvi ya machozi vikachanganyika. Tangu hapo nikawa nakwenda kumsimulia mpaka alipofariki.

Sikuambii urudishe vikapu vya kahawa kwenye rafu. Ukifanya hivyo nitakuja Dar kwa miguu kukuchapa. Wageni wakija na akamwani, tokeni nje, kaeni kwenye benchi, tafuneni, mkanawe mikono, mkaushe vizuri, ndipo muingie. Ni kitu kidogo hivyo. Mimi sikukiona, kwa sababu nilijua kufungua mlango wote au kuufunga wote. Na mtu akikuletea kitu chake, kabla hujashika brashi wala kupima chochote, mkalishe. Muulize, huyu ni nani? Hapa ilikuwaje? Mwache azungumze mpaka achoke. Huko chuoni watakufundisha mengi kuliko niliyojua mimi, na mengine niliyojua watakuambia ni makosa, uwakubalie. Lakini hilo la kumkalisha mtu sijui kama wanalifundisha.

Mvua inapungua. Naona sasa mstari wa pili wa migomba. Utarudi si muda mrefu, na mimi bado nazunguka tu, naogopa kufika.

Sikukufokea kwa sababu ya moshi, wala kwa sababu nataka picha ibaki. Asubuhi ulikuwa uani unaongea kwa simu na mwenzako wa huko. Nilikuwa nachambua maharage, nikakusikia ukisema, "Iko vizuri, ila ina doa kubwa jeupe kifuani. Tutaanza na hilo." Hapo ndipo mikono yangu iliposimama. Ulipokuja mchana kuniomba, mimi nilikuwa nasikia hilo neno tu.

Nilikuambia zamani kwamba picha iliharibiwa na mpiga picha kwenye dawa zake. Nilikuambia siku ile wewe ulibaki nyumbani kwa bibi yako. Yote mawili ni uongo.

Baba yako alikuwa anaumwa, alikuwa anapelekwa Mwanza kwa matibabu. Kabla ya kwenda akataka tupite mjini Bukoba kwa yule mzee wa Kihindi mwenye duka la picha, ambaye watoto wake wote walikuwa wameshahama, amebaki yeye na mashine yake ya zamani yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi. Umeme haukuwepo siku hiyo. Mzee akasema atapiga kwa mwanga wa mlangoni, ila watu watulie kabisa. Baba yako akataka tusimame wote watatu. Mimi nikakataa. Nilimwambia, "Picha ya kuagana mimi sipigwi. Ukirudi tutapigwa." Nilikuwa na hasira naye, unajua? Niliona anajiandaa kufa, na niliona nikisimama pale nitakuwa nimemkubalia. Akanibembeleza. Mzee naye akanibembeleza, akaniita binti yangu. Nikasema hapana, nikaenda nikasimama pembeni, nikakunja mikono. Kichwa kigumu hiki unachokijua, kilikuwa kigumu hivyo hivyo ujanani.

Alikuwa amekupakata kifuani. Nilikuwa nimekufunga shali nyeupe, nzuri, ya ubatizo wako. Mzee akaingia kwenye kitambaa chake, akasema tulieni. Baba yako akatulia. Wewe ulikuwa umetulia pia, mpaka uliponikosa. Ukanitafuta kwa macho, ukaniona kule pembeni, ukajipindua mzima mzima na shali yako kuja kwangu, na mashine ikiwa bado wazi, inavuta mwanga.

Mzee alitaka kurudia. Baba yako akasema basi, amechoka. Akanicheka tu, akakohoa, tukaondoka. Kutoka Mwanza hakurudi. Picha ilipoletwa, yeye ametulia kama umwonavyo, na wewe umekuwa wingu. Nilishindwa kukuambia, kwa sababu kila nikiitazama naona kwamba ningesimama tu pale, dakika moja, ungetulia, na leo ungekuwa na uso wako mikononi mwa baba yako. Nimekunyima mwenyewe, kwa hasira. Nisamehe, mwanangu. Nimekaa na hiyo picha ukutani miaka yote hii na sijapata kinywa cha kukuambia.

Nimeitoa ukutani. Iko kitandani kwako, imefungwa kwenye kanga yangu safi, bado iko kwenye fremu yake. Kioo msikivute kwa nguvu. Nenda nayo. Moshi wauondoe, unyevu wautibu, wafanye kila wanachojua. Lakini pale kifuani mtu asiguse, wala kwa pamba. Si doa, Kemilembe. Ni wewe, unanigeukia mimi.

Mama